Nilisema Tuko na Ng'ombe, Sasa Bailleur Anataka Ndama

Mama Nshobole mupendwa, naomba unisaidie mbele mwezi haijaisha, juu mwezi ikiisha na miye nimeisha.

Miye ni baba wa watoto tatu, niko na bibi moja anaitwa Vanessa, tunapanga nyumba ya mbao ya vyumba mbili hapa Katindo, na kazi yangu ni kubeba mifuko ya simenti ku dépôt moja. Masomo yangu iliishia ku troisième primaire, darasa ya tatu, siku ile mwalimu alisema anaenda kunywa maji na miye nikaenda pia, yeye alirudi, miye bado. Salaire yangu, ule mushahara, inaingia le trente, tarehe makumi tatu. Siku ile tunakula nyama, kesho yake bailleur, mwenye nyumba, anakuja kuchukua nyumba yake ndani ya mufuko yangu, nyuma yake ni makala ya kupikia, ni unga, ni masomo ya watoto, ni maji ya bidon, ya dumu, juu hapa Goma ata maji tunauziwa, na ziwa iko pale inatuangalia, na ikifika le huit, tarehe nane, Mama, ile salaire tunabaki tunaiongelea kama marehemu, tunasema ilikuwa salaire muzuri, ila haikuzoea kukaa na watu.

Kutoka le huit mpaka le trente ninaishi na akili. Ninaosha moto za watu, zile pikipiki, ninauzisha makava ya simu, lakini kitu yenye ilituokoa kweli ni mudomo. Sisi wenye kusema Kinyarwanda tuko na desturi, mbele ya ndoa familia ya kijana inaenda kumuomba binti kwao, tunaita gusaba, na kila upande unaweka musemaji wake. Wa upande wa binti anajifanya ata hajui mumefwata nini, anakuuliza, nyinyi ni watu wa wapi, mulipotea njia? Na wa upande wa kijana anamujibu na maneno ya kuchekesha, anasifu familia, anasifu ng'ombe, mpaka watu wanapiga makofi na binti anatolewa inje. Pale, Mama, Mungu alinipa kipaji. Familia zinanikodisha kila Jumamosi. Wananipa kaenveloppe kadogo ka feza, wananipa kula, na ile kula njo ya maana, Vanessa alishona sachet ya plastiki ndani ya mufuko ya veste yangu, ile koti ya sherehe, wakati watu wanacheza miye ninaweka nyama ya watoto, na kurudi jioni imbwa zote za Katindo zinanisindikiza kama mutu mukubwa na walinzi wake.

Bon. Mwezi hii kijana moja motard, mwenye kubeba watu na moto, anaitwa Olivier akakuja kunitafuta. Ni kijana wa roho nzuri, anapenda binti wa Lac Vert anaitwa Igihozo, akimutaja anasahau kama moto yake inawaka, essence, petroli, inaisha tu pale. Baba yake alikufa yeye bado mudogo, upande wa baba hakubaki mutu, na mama yake, mama Mukabalisa, anauzisha maharagi mbali, ku muji wa Kiwanja, na alikuwa amelala na malaria. Siku zote miye wakiniuliza niko nani, ninajibu niko mudomo ya familia, watu wanacheka, inaisha. Lakini Olivier aliniomba kitu ingine, aliniambia, "Tonton, kule wamesha kuuliza nani atasimama fasi ya baba. Uwe ndugu ya baba yangu siku moja tu." Na siku yenyewe ilikuwa le neuf, tarehe tisa, Mama, salaire tuliizika jana yake. Nikakubali.

Tunafika Lac Vert, bâche ya kivuli imetandikwa, nyama inanukia, na musemaji wa upande wa binti, muzee Nzabonimpa, akaniuliza, "Na weye mwenye kusema sana, uko nani kwa huyu kijana?"

Nikasema, muzee, miye na marehemu baba yake tulinyonya titi moja, njo yeye aliniachia huyu mutoto akaniambia mulee.

Watu wakasema eee!

Ningenyamaza pale. Lakini makofi, Mama, makofi ni mubaya kuliko pombe. Nikasema, na ng'ombe zetu musituulize hesabu, asubui tukizifungua, ya mbele inakunywa maji ku Sake na ya nyuma bado inasukumana ku mulango ya lupango, ya zizi, kule Masisi. Watu wakasema eeeee! Nikasema, na maziwa yenye tunamwanga, njo maana ile barabara inateleza. Watu wakasimama. Ni pale nikaona kofia moja ya kahawia kule nyuma, kofia yenye ninaijuaga, ninaionaga kila mwanzo wa mwezi ku mulango yangu. Chini ya kofia kulikuwa Papa Habumugisha, bailleur wangu. Kumbe mama wa binti, mama Donatille, ni dada yake wa tumbo moja. Watu wote walikuwa wanapiga makofi, yeye alikuwa anahesabu.

Jumatatu asubui akagonga.

"Shemeji!"

Mama, miaka tatu huyu muzee ananiitaga "weye wa mulango ya pili".

"Shemeji, kumbe tunakaa na mutajiri na hatujue!"

"Papa, ile ilikuwa maneno ya sherehe."

"Ya ng'ombe, sawa, ile ni ya sherehe. Lakini kusema uko ndugu ya baba ya kijana, ile si sherehe, ile ni damu. Ao ulidanganya dada yangu mbele ya watu wote?"

Ningejibu nini, Mama Nshobole? Nikasema hapana papa, ni damu.

"Basi kama ni damu, na ng'ombe ziko. Ya kufika Sake pengine haziko, lakini ziko. Na mutu wa ng'ombe hawezi kunilipa quarante, dola makumi ine, kama mubebaji wa simenti. Kuanzia le trente ni quatre-vingts, makumi nane."

"Papa! Quatre-vingts kwa hii nyumba? Mvua ikinyesha tunafungua parapluie ku kitanda!"

"Njo maana ninakufikiria. Najua wenye ng'ombe makuta yao, feza yao, inatembeaga na miguu. Niletee ndama moja, ya kike, iwe na doa nyeupe ku uso, nitakuachia mwaka muzima bila kukuuliza kitu. Le trente hakuna quatre-vingts, hakuna ndama, unitolee vyombo."

Miye nilitaka kusema ngoja niwaze kwanza, lakini mudomo yangu ilimujibu mbele miye nifike, ikamuuliza, "Papa, doa moja ao mbili?"

"Moja," akasema, akaenda anapiga miluzi.

Vanessa alikuwa nyuma ya mulango na mwiko, alisikia yote. Hakupiga kelele, Mama, afazali angepiga. Aliniangalia tu akasema, "Valentin, le trente ukileta ile ndama, utalala nayo inje. Na usipoileta, utalala inje vilevile, ila hautakuwa na kitu ya kukupatia moto."

Nikakimbia kwa Olivier, nikamuambia mutoto wangu, mambo imekuwa mubaya, niache niende niseme kweli. Alilia na casque, kofia yake ya moto, ku kichwa mpaka kioo yake ikajaa moshi. Akasema, "Tonton, wakijua baba yangu mudogo ni wa kukodi, watasema na miye ni wa kukodi. Watanikatala." Na ndoa ya kanisa iko wiki moja kisha le trente kupita. Tangu siku ile kila asubui anapita kunibeba bule mpaka ku dépôt, ananiita Tonton, baba mudogo, ananiita vile ata pale hakuna mutu wa kudanganya.

Sasa nifanye nini? Tukitoshwa inje ya hii nyumba, nyumba ingine wanaomba garantie, malipo ya mbele, ya miezi sita, na miye, Mama, sijaonaka makuta ya miezi sita fasi moja, nafikiri ata haijuane. Niseme kweli, nyumba yangu ibaki na ndoa ya huyu kijana ivunjike? Ao ninyamaze, ndoa ibaki na watoto wangu tatu walale ku mawe ya volcan? Ao pengine unajua fasi wanakodishaga ndama?

Ni miye, Tonton wa Kukodi, Katindo.

Mama Nshobole anajibu

Tonton wa Kukodi, nilisoma barua yako nikacheka mpaka Héritière, mwenye kushika mashini hapa studio ya redio, akagonga kioo, alifikiri ninakabwa. Sasa nimemaliza kucheka. Ikala chini. Na mbele ya kuisoma hapa hewani, nilibadilisha majina na fasi zote, juu weye uliandika kila kitu isipokuwa namba ya kiatu.

Hakuna fasi wanakodishaga ndama. Nakujibu hiyo kwanza juu ninakuona, ulikuwa unangojea hiyo tu.

Salaire kufa le huit haiko haya. Nusu ya watu wenye wananisikiliza sasa hivi, yao ilikufa le six, tarehe sita, na hawakupata ata wa kuililia. Unabeba simenti, unaosha moto, unachekesha watu ili watoto wale nyama. Kwa hiyo miye ninakuvulia kitambaa. Na ng'ombe zako za Sake pia haziko kosa. Miye ni Mushi, kabila ya Bashi, kwetu Walungu ng'ombe ya dot, ya mahari, tunataka kuiona na macho na kuishika mukia, lakini desturi yenu ninaijua: musemaji analipwa asifu, na mutu mwenye kushika sifa ya musemaji kama facture ya kulipa, ile ni shida yake.

Kosa yako ni ile titi.

Musemaji anaweza kuwa mutu yeyote, ata jirani, ata mubebaji wa simenti. Ungejibu vile unajibuga siku zote, "niko mudomo ya familia", wangekupigia makofi ile ile na nyama ingekuwa ile ile. Lakini ulisema damu. Wazazi hawatoe binti kwa ng'ombe, papa, wanamutoa kwa watu. Wanataka kujua siku bwana yake atamunyanyasa, ao mutoto atagonjwa na bwana hayuko, wataenda kugonga mulango ya nani. Weye uliwaonyesha mulango, na nyuma ya ile mulango hakuna nyumba.

Na kitu ingine yenye ilinikasirisha. Barua yako iko murefu kama mustari ya bidon ku robinet ya maji. Ndani yake nimemusikia bailleur, nimemusikia bibi yako, nimemusikia Olivier na casque yake, ata imbwa nimezisikia. Igihozo hajasema neno moja. Ni yeye anaolewa. Nani alimuuliza?

Unaogopa kweli itavunja ndoa. Wapi! Mama Mukabalisa malaria yake itapona, atapanda gari atoke Kiwanja akuje ku ndoa ya mutoto wake. Mama Donatille atamukumbatia pale ku mulango ya kanisa amuambie, shemeji yako ni muchekeshaji sana. Mama atauliza, shemeji gani? Sasa uniambie, pale padri atafanya nini, aimbishe? Ile uongo haina le trente, Tonton. Iko na siku yake tayari, na siku ile kutakuwa mupiga picha.

Kwa hiyo, leo. Olivier aende kwa Igihozo, yeye mwenyewe, bila weye, atoshe casque, amuambie kila kitu. Kama binti anataka kukasirika, akasirike, ni haki yake. Akisema ndiyo bado, mumulete mama Mukabalisa, na nyinyi tatu muende kwa mama Donatille na kasha moja ya Fanta, kama watu wenye kuomba musamaha. Mama ya kijana njo ataongea. Weye utaweka mikono ku magoti. Wakikuuliza, utasema: "Miye si ndugu ya baba yake, niko musemaji, nilidanganya, munisamehe." Ukisikia mutu anacheka, usiendelee. Ninakurudilia: usiendelee.

Siku ile ile, mbele dada yake hajamupigia simu, uende kwa Papa Habumugisha. Usivae veste. Mwambie ng'ombe hakuna, ndama hakuna, kuko quarante ya le trente kama siku zote. Kama anataka kuongeza bei, aongeze kwa nyumba, asiongeze kwa ng'ombe: aingie ndani, aangalie mbao, aangalie mabati, asimame pale munafunguaga parapluie, halafu muongee. Akiendelea kukutisha na le trente, muende kwa chef wa avenue, mukubwa wa mtaa. Bailleur hamutoshi inje ndani ya wiki tatu mupangaji mwenye hana deni, juu tu ya hadisi ya ng'ombe. Na kama uliweka garantie siku uliingia, ile garantie ni yako, haijageuka yake juu iliikala kwake miaka tatu.

Nikuambie na siri. Bailleur wa miaka tatu anajua mufuko ya mupangaji kuliko munganga anajua tumbo. Mutu anakuomba ndama ya kike na doa moja nyeupe ku uso, ao alikusadiki kweli, ao anakupima aone utafika wapi. Weye ukamuuliza doa ngapi! Sijui ni gani kati ya hizo mbili, lakini dawa ni moja.

Sasa le neuf mpaka le trente. Kipaji yako ni kazi, uifanye kama kazi. Useme bei mbele ya siku, upokee nusu mbele ya kuvaa, na kila mutu ajue uko musemaji wa kukodi. Fundi wa kushona hajifanye mama ya binti juu anamushonea kanzu. Ile enveloppe ifike kwa Vanessa siku ile ile ikiwa bado imefungwa, juu mufuko ya mwanaume muchekeshaji ninaijua, iko na marafiki wengi. Na nyama usiibe tena. Uwaombe wamama wa ku jiko, "munifungie ya watoto." Hawakatalake. Utarudi na sahani muzima, ya moto, na imbwa zitafute mutu mwingine.

Inabaki Olivier. Umeandika anakuita Tonton ata pale hakuna mutu wa kudanganya. Uliipitisha mbio mbio kati ya mambo ingine, lakini miye niko na miaka kumi na saba ninasoma barua za watu, na ninajua ni hiyo njo ilikushikisha bic ya kuandika. Kama ungekuwa unafikiri nyumba yako tu, ungelienda kumuuza huyu kijana Jumatatu ile ile.

Basi usikie vizuri. Kama nyuma ya kweli yote Igihozo anamutaka, na wazazi wamesamehe, bado wataulizana: mulango ni gani? Pale Olivier atakuangalia. Ni weye anaangalia tayari. Na pale haitakuwa kazi ya Jumamosi. Wakigombana watakuja kwako, weye na Vanessa muwasikilize mpaka waishe. Mutoto akizaliwa utapeleka unga, ata kama ni le neuf. Kijana akikosea utamukemea, na yeye atakuwa na haki ya kukuuliza kwa nini ulidanganyaga Lac Vert. Ndama iko bei rahisi kuliko hiyo, ninakuambia mapema.

Uongee na Vanessa, na umuache amalize kuongea. Kama hamuwezi kuwa ile mulango, mumuambie Olivier hapana leo, atafute mutu mwingine angali na muda. Kama munaweza, siku ile mama Donatille atakuuliza mbele ya watu wote kama ni weye mulango ya huyu kijana, utasimama, utasema ndiyo, na usiongeze kitu.